Mchezaji wa Nafasi ya Pili

Dunia hutazama uso wa mbele. Msafara hujulikana kwa jina la kiongozi, jahazi kwa jina la nahodha, na vita kwa jina la jemadari. Desturi hii ni ya zamani, wala sidhani kuwa yaweza kufutwa, maana kumbukumbu ya mwanadamu ni mfuko mdogo usioweza kubeba majina yote. Hata hivyo, kazi za dunia hazitendwi na nyuso za mbele peke yake. Figa moja haliinjiki chungu. Kwetu Kirongwe, katika kisiwa cha Mafia, mgeni humtazama mkwezi juu ya mnazi akamstaajabia. Aliyeinama chini juu ya kifuo, akifua nazi tangu asubuhi hata adhuhuri, hakuna amtazamaye. Lakini mbata haipatikani bila ya huyo. Katika insha hii nataka kumsema mtu aliyeishi kwa kusimama pembeni, akaifanya pembe yake kuwa ufundi na heshima. Kisha nataka kuuliza habari za wale waliosimama nyuma yake, ambao hata pembe hawakupewa.

Mtu huyo ni Robert Morley, Mwingereza, aliyezaliwa Semley katika jimbo la Wiltshire tarehe 26 Mei 1908, akafariki tarehe 3 Juni 1992. Maumbile hayakumwandaa kucheza kijana apendwaye na mabibi. Alikuwa mnene, mwenye kidevu kilichokunjana na nyusi nzito, na sauti yake ilijaa kinywa kama ya mtu aliyeshiba. Mchezaji mwingine angalililia maumbile hayo. Yeye aliyafanya mtaji. Aliingia jukwaani London mwaka 1929. Mwaka 1936 alisifiwa kwa kumcheza mwandishi Oscar Wilde, na mwaka 1938 mchezo huo ukamfikisha New York. Mwaka huo huo kampuni ya MGM ilimpa nafasi ya Mfalme Louis wa 16 katika picha ya Marie Antoinette. Mwenye picha alikuwa Norma Shearer. Lakini mfalme yule mzito, mwenye haya, asiyejua la kufanya na taji wala na mke, alikaa katika fikira za watazamaji, hata Morley akatajwa miongoni mwa walioshindania tuzo ya Oscar ya wachezaji wasaidizi. Tuzo ilikwenda kwa Walter Brennan. Morley aliendelea na kazi yake zaidi ya miaka arobaini, akicheza wakubwa wenye majivuno, matajiri walafi na walaghai wenye adabu. Katika Beat the Devil ya mwaka 1953 alikuwa kiongozi wa genge lililotaka kusafiri hata Afrika Mashariki ili kujipatia ardhi yenye madini ya urani. Naam, katika mchezo wa mzaha mara nyingine husemwa ukweli ambao hotuba huuficha.

Kwa sisi wa pwani hii, picha yake iliyo karibu zaidi ni The African Queen, iliyotengenezwa na Mmarekani John Huston mwaka 1951 kutokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Hadithi yake ni ya nchi yetu, wakati ilipokuwa chini ya Wadachi, mwaka 1914. Sehemu yake ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine studioni Uingereza. Wenye picha ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Morley ni mchungaji Samuel Sayer, ndugu wa bibi Rose. Hukaa machoni petu muda mfupi tu. Tunamwona kanisani, jasho likimtiririka, akiongoza wimbo ambao waumini wake wanauimba kwa kelele kuliko kwa maana. Baadaye askari wa Kidachi wanakuja, wanachoma vibanda, wanawaswaga wanakijiji kama mifugo. Mchungaji anapinga, anapigwa kwa kitako cha bunduki. Akili yake inapotea; homa inamrudisha ujanani, katika mitihani na matumaini ya Uingereza; kisha anakufa.

Tazama ufundi wa kazi hii ndogo. Mchungaji asingalikufa, Rose asingalipanda mashua, wala safari ya mtoni isingalikuwapo. Tena Morley hakumfanya Sayer mtakatifu wala mpumbavu. Alimfanya mtu aliyechoka, aliyetumia umri wake mahali ambapo hakuwahi kupafahamu, akagundua hayo siku nyumba yake ilipogeuka majivu. Mchezaji wa nafasi ya kwanza hupewa saa nzima na zaidi ili tumjue. Wa nafasi ya pili hupewa dakika chache, naye hana budi kuingia na maisha kamili mfukoni. Huu ndio ufundi ambao wanafunzi wa tamthilia wangefaa kuupima sana, maana wengi wetu duniani hupewa dakika chache.

Miaka kadhaa iliyopita niliionyesha picha hii nyumbani Kirongwe kwa kompyuta ndogo, mbele ya jamaa wachache. Mjomba wangu, mzee aliyekwisha pita miaka themanini, aliitazama kimya tangu mwanzo. Sayer alipozikwa, mzee aliinua mkono, nikasimamisha picha.

"Mzungu huyu amelia vizuri," alisema. "Lakini mpwa wangu, wale waliokuwa wakiimba wamepelekwa wapi?"

Nilimweleza kwamba hadithi haisemi. Imekwisha kuachana nao.

"Haisemi," alirudia. "Sisi tunajua."

Ndipo akatusimulia habari ambayo sikupata kuisikia: ndugu mkubwa wa baba yake alichukuliwa katika vita ile kuwa mpagazi, akavushwa bara, asirudi. Hana kaburi, wala hakuletwa mtu kutoa habari ya kifo chake. Katika ukoo wetu, aliyebaki akilijua jina lake alikuwa mjomba peke yake. Niliomba alitamke polepole, nikaliandika katika daftari. Ni jina la nyumba yetu, silileti hapa. Mzee alifariki kabla ya mwaka kwisha.

Swali la mjomba lina uzito wa historia. Waingereza waliitwaa Mafia Januari 1915, na kutoka kisiwani humo ndege zao ziliruka kuitafuta manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, hata ikaangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Vitabu vinataja manowari, makamanda na marubani. Lakini vita ya Afrika Mashariki ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam iliwakumbuka kwa mambo mawili: mtaa wa Kariakoo, ambao jina lake latokana na jeshi la wapagazi wa Kiingereza, na sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Mtaa una jina la kikosi, na sanamu ina uso usio na jina. Hivyo picha ya Huston haikutunga usahaulifu huu. Iliukuta tayari, ikaufuata.

Mtu aweza kunijibu kwamba sinema ni mchezo, na mchezo hauwezi kuwa daftari la wafu. Nakubali. Wala simlaumu Morley, ambaye alitenda kazi yake kwa uaminifu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya The African Queen, nchini Tanganyika ilitengenezwa picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana karani wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa. Hapo Mwafrika hakuwa sauti katika kundi la waimbaji. Alikuwa na jina, kosa, tamaa na majuto yake mwenyewe.

Tena maisha ya Kawawa yana funzo linalopita sinema. Tarehe 22 Januari 1962 Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akaushika. Nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo na Nyerere akawa Rais, Kawawa alikaa chini yake bila ya kinyongo, akamtumikia miaka mingi, akiwa Makamu wa Pili wa Rais tangu 1964 hata 1977, na Waziri Mkuu tena tangu 1972 hata 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Katika picha alikuwa wa kwanza. Katika dola alikubali kuwa wa pili, na katika nafasi hiyo hakupungua. Kuna wakubwa waliovunja nchi kwa sababu hawakuweza kuvumilia kutajwa baada ya mwingine.

Basi nafasi ya pili si aibu. Aibu ni kumnyima mtu jina kwa sababu nafasi yake ni ndogo. Morley alilipwa, akaandikwa, akatajwa katika tuzo, na haya yote yalikuwa haki yake. Haki hiyo hiyo wanastahili wachezaji wetu wa michezo ya redio, waitikiaji wa ngoma, waigizaji wa vikundi vya vijijini ambao sauti zao zinahifadhiwa bila ya majina. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali. Achukue kalamu, aende kwa wazee wangali hai, aulize nani aliimba, nani alibeba, nani alianguka njiani. Daftari langu lina jina moja tu, nalo nilikaribia kulikosa kwa miezi michache.