Mahali pa Kumtundikia Ndege Mvumaji Maji ya Sukari

Yako mambo ya nyumbani yaonekanayo madogo, kumbe ndani yake mna uhai wa kiumbe. Moja ni hili la kuchagua mahali pa kutundika chupa ya maji ya sukari kwa ajili ya ndege mvumaji. Ndege huyu hapatikani Afrika. Jamaa yake yote hukaa Amerika tu. Kwetu pwani yuko chozi, naye hunyonya maua, lakini mara nyingi hutua tawini anyonyapo. Mvumaji hunyonya akiwa angali hewani.

Sisi tukaao Ohio, Marekani, humwona mvumaji, ambaye dume lake lina koo jekundu, tangu mwisho wa Aprili hata Septemba. Uzito wake ni gramu 3 hivi, naye hupiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde moja. Wakati wa baridi huhamia Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi huvuka Ghuba ya Meksiko, mwendo wa kilomita 800 hivi pasipo kutua. Ajaye kwako baada ya safari kama hiyo ni mgeni kweli kweli. Nawe uliyemwita umejitwika dhamana yake.

Nyumbani mwetu yumo bibi yetu, mzaliwa wa Tanga, ambaye miguu yake haimchukui tena. Hushinda kitini penye dirisha, naye aliomba chupa iwekwe atakapoiona. Watoto walitaka katikati ya kiwanja. Baba aliuchagua mti ulio mbali. Basi tukakubaliana kutazama siku nzima kabla ya kupiga msumari.

Jambo la kwanza ni jua. Maji ya sukari yakichomwa na jua huchacha upesi na kuota ukungu. Katikati ya kiwanja jua halikuondoka hata jioni. Shauri la watoto likaishia hapo.

La pili ni paka. Chini ya mti wa baba palikuwa na kichaka kizito, nako ndiko paka wa jirani aoteako. Lakini miti isiwe mbali mno, kwa kuwa mvumaji hupenda kupata tawi la kupumzikia karibu.

La tatu ni kioo, na hapa palitutia hofu. Ndege haoni kioo. Huona mti na mbingu ndani yake, akaruka kuviendea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kuwa ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka Marekani kwa kugonga majengo. Bibi aliposikia hayo alisema, “Wajukuu zangu, ikiwa kumwona kwangu ni kumwua, mpelekeni mbali. Nimekwisha kuona ndege wengi.”

Hatukupenda kumnyima, wala hatukupenda kumwua mgeni. Wajuzi wa ndege hufundisha kwamba chupa ikiwa karibu sana na kioo, isizidi mita 1, ndege aondokapo hapati nafasi ya kushika kasi ya kumdhuru; hatari huzidi chupa ikiwa mita chache kutoka hapo. Basi tukaitundika nusu mita kutoka dirisha la bibi, litazamalo mashariki, ambalo mchana hupata kivuli cha nyumba. Tena nje ya kioo tukashusha nyuzi nyembamba, kila mmoja sentimita 5 kutoka mwenziwe, ili ndege ajue kwamba hapana njia.

Baadaye dume mmoja aliimiliki chupa ile, akawafukuza wenziwe wote. Tukatundika ya pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kuiona, na wengine wakapata kula.

Chakula chenyewe ni sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4, pasipo asali wala rangi. Siku za joto chupa huoshwa kila baada ya siku 2. Asiyeweza kuiosha afadhali asiitundike, bali apande maua.

Wazee walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Bibi yetu hapungukiwi maumivu ya miguu, lakini kila asubuhi huomba kiti chake kisogezwe dirishani mapema, naye huwahesabia watoto wageni waliokuja.