Wimbo Wangu Haukutaja Shamba

Nilitunga wimbo wa kuwatetea vikongwe, ukawaumiza. Kosa ni langu. Wenzangu wa kikundi waliuimba kama nilivyowafundisha, na hadhira ikausikia kama nilivyouandika. Naeleza ilivyokuwa kwa sababu mtu mwenye nia njema na kipaji kidogo cha maneno anaweza kulirudia kosa hili kesho.

Sisi tuliokulia Kisesa, jirani na kilima cha Bujora, tumelelewa na ngoma. Kila mwaka mwezi wa Juni, baada ya Sikukuu ya Ekaristi, tamasha la Bulabo huwakutanisha Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu karne ya 19. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, alivipa vyama hivyo nafasi ya heshima ndani ya makumbusho. Kijana anayekulia hapo hujifunza mapema kwamba maneno makali yanayochekesha ndiyo yanayojaza uwanja. Manju humsema manju mwenzake, na wasikilizaji wote wanajua nani anasemwa na kwa nini. Nilidhani ujuzi huo unatosha kwa jambo lolote.

Jambo nililolichagua lilikuwa mauaji ya vikongwe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na kanda yetu ya ziwa iliumia sana. Wengi walikuwa wanawake wazee. Alama waliyotafutiwa ni macho mekundu. Kwetu kuni ni adimu, kwa hiyo watu hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mwanamke akikaa na moshi huo tangu usichana, macho lazima yawe mekundu.

Nikaamua kutumia kinaya. Wimbo niliuweka kinywani mwa kijana anayemshukuru mpiga ramli kwa kumwonyesha mchawi, anayewashauri wenzake wamtazame bibi machoni kwanza ndipo wamsalimie, na anayeapa kwamba kijiji sasa kitapata mvua. Niliamini kwamba kila mwenye akili angesikia upuuzi wa kijana huyo na kuona aibu. Niliongeza na mchezo: mchezaji mmoja alijikinga macho kwa kiganja, kichwa kimeinama upande, akapapasa njia kwa mguu. Mwendo huo niliuchukua kwa mjane mmoja, jirani yetu. Sikumwomba ruhusa.

Tulicheza baada ya mavuno, kwenye ngoma ya kijijini. Watu walicheka sana, nami nikafurahi. Kisha mzee mmoja akasogea kunituza. Alinitia noti kiganjani, akaushika mkono wangu bila kuuachia, akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, umesema kweli. Wengine wanaogopa kuyasema haya." Nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliniangalia kwa shukrani, kama mtu aliyepata msemaji wake.

Nikiwa bado nimeshikwa mkono, niliupitia wimbo mstari kwa mstari kichwani, safari hii kwa masikio yake. Hakuna mstari uliompinga. Kila nilichokisema kwa kukigeuza, yeye alikuwa anakiamini kilivyo, na wimbo ulimpa sauti na mdundo. Nikatambua pia kitu kibaya zaidi. Nilijua, kama wengi kijijini wanavyojua, kwamba mara nyingi nyuma ya ramli kuna shamba la mjane na ndugu wanaolitaka. Katika wimbo wangu shamba halikuwemo. Ndugu hawakuwemo. Malipo ya mpiga ramli hayakuwemo. Aliyekuwemo, kuanzia macho hadi unyayo, ni bibi kizee. Kicheko chote kilimwangukia yeye.

Kiitikio kilikuwa chepesi, na watoto walikishika siku ileile. Walikiimba njiani kwenda kisimani. Mjane yule aliacha kuchota maji asubuhi, akawa anakwenda mchana wa jua kali wakati hakuna watu. Baadaye binti yake alikuja kumchukua, wakaenda kuishi Magu. Hakuna aliyempiga. Msimu uliofuata shamba lake lililimwa na ndugu wa marehemu mumewe.

Nilichokosea ni kuchukua kifaa nikadhani ndiyo kazi yenyewe. Kinaya ni namna ya kusema: unatamka hili, unakusudia kinyume chake, na unamwachia msikilizaji avuke pengo hilo mwenyewe. Huvuka yule tu ambaye tayari yuko upande wako. Tashtiti, yaani utunzi wa kukosoa kwa kejeli, ni kazi yenye mlengwa. Inamchagua mtenda kosa, hasa mwenye nguvu, na kumweka mahali ambapo hata mgeni atamwona. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ng'ambo ya maji yetu, katika tamthilia yake *Kaptula la Marx* alimvisha mtawala kaptula lisilomtosha. Mtazamaji hahitaji kuwa na msimamo wa mwandishi ili aone kwamba nguo si ya mvaaji. Jonathan Swift, mwaka 1729, alipopendekeza watoto wa maskini wa Ireland wauzwe kuwa chakula, hakuishia kwenye pendekezo hilo la kutisha. Aliwataja wenye mashamba kuwa ndio wateja wanaostahili, kwa kuwa walikwisha kuwala wazazi. Kinaya chake kilikuwa na anwani. Changu hakikuwa nayo.

Tuliacha kuuimba wimbo ule. Watoto hawakuacha mara moja. Nilikwenda Magu, nikapiga magoti, nikasema, "Mayu, mama yangu, nisamehe." Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ungeniuliza kwanza, ningekueleza ni moshi." Nikamjibu kwamba nilikuwa najua. Akauliza, "Sasa kwa nini hukuimba hivyo?" Sikuwa na jibu.

Sasa tuna wimbo mwingine. Ndani yake kuna ndugu wanaopima shamba kwa hatua mwenye shamba akiwa hai, kuna mpiga ramli anayeulizia mbuzi kabla ya kuulizia ugonjwa, na kuna jiko lenye moshi. Tuliwaimbia wanawake wazee kwanza, wakatusahihisha mahali pawili. Uwanjani hauchekeshi kama ule wa kwanza, na wapo wanaoondoka wakinuna kabla haujaisha. Hao ndio niliowatungia.

Ukitaka kumtetea mnyonge kwa kejeli, tafuta kwanza nani anafaidika na mateso yake, umtie ndani ya wimbo. Kisha mwimbie mtu asiyekubaliana nawe. Akikushukuru, usiupeleke uwanjani.