Kamera Kubwa na Mkono Mgonjwa

Siku ya Kipaimara mwaka 2022, hapa kwetu Ilomba, niliangusha kamera mbele ya altare. Haikufika chini, maana mkanda ulikuwa shingoni. Lakini ilinigonga kifuani kwa kishindo hata watoto wawili wa benchi la mbele wakacheka kwa sauti. Askofu alikuwa anampaka krisma kijana wa saba. Picha ya kijana wa saba sinayo mpaka leo, na mama yake hajasahau.

Sikuiangusha kwa uzembe. Vidole vilikataa tu. Nilivitaka vishike, navyo vikafunguka vyenyewe kama mlango uliopotewa na komeo.

Yafaa nijieleze kidogo. Mimi ni karani wa parokia, mwenye umri wa miaka 36, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nilisomea ualimu katika chuo cha Mpuguso, kule Rungwe, lakini nafasi ya kufundisha haikupatikana upesi, nikaombwa nishike vitabu vya ubatizo na ndoa; nami ndipo nilipo mpaka sasa, ingawa watu bado huniita Mwalimu. Kazi ya picha ilianza kwa Padre kutaka kumbukumbu za parokia. Kisha watu wa arusi wakaniita, na watu wa jubilei, na watu wa misiba. Senti za picha ndizo zilizonunua sare za wanangu na kulipa michango ya shule. Basi vidole vilipokataa, usidhani nilihofia kupoteza mchezo wa kujifurahisha.

Ugonjwa wenyewe ulinianza mwezi wa Juni, na wewe uliyewahi kufika Mbeya wajua Juni yetu ilivyo. Upepo washuka kutoka Loleza usiku, na asubuhi maji ya ndoo hayashikiki. Nilikuwa nikiamka na mikono yote miwili migumu, vifundo vimevimba, nikishindwa kufunga kifungo cha gauni mpaka jua lichomoze vizuri. Majirani wakasema, “Ni baridi, Mwalimu, vaa soksi za mikononi.” Nami nikavaa. Nikasugua mafuta ya kila namna niliyouziwa sokoni Mwanjelwa. Jina lenyewe la ugonjwa, baridi yabisi, lilitudanganya sote. Mwaka mzima nikaupoteza hivyo.

Daktari aliyenipima baadaye alinieleza kwamba baridi huweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi, lakini siyo inayoyaleta. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Nao si ugonjwa wa wazee tu. Hushika hata watu wa miaka thelathini, na wanawake zaidi ya wanaume. Ukiona viungo vidogo vya mikono yote miwili vimevimba, na ukakasi wa asubuhi wadumu saa nzima au zaidi kwa majuma kadhaa, usifanye kama mimi. Kiungo kikishaliwa hakirudi, na dawa zinazouzuia ugonjwa hufaa zaidi zikianza mapema. Hayo nimeyaandika upesi kwa kuwa nataka kufika kwenye kamera.

Kamera yangu ilikuwa Canon 5D Mark III, niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi ndefu ya 70-200, ile nyeupe ambayo kila kijana mpiga picha hapa mjini huiota usiku. Siku moja niliipeleka yote dukani kwa jirani, akaiweka kwenye mizani ya sukari. Karibu kilo mbili na nusu! Lenzi peke yake kama kilo moja na nusu. Jirani akaniuliza kama nilitaka kufungiwa kwenye mfuko.

Lakini kilo zenyewe hazisemi yote. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili uikumbatie kifuani. Waweza kutembea nayo mpaka Mafiati bila taabu. Kisha inyoshe mbele kwa mikono yote miwili, uihesabie mpaka thelathini. Unga ni ule ule, ila sasa umbali unazidisha uzito, na wanaolipa ni kifundo cha mkono na vidole. Lenzi ndefu hufanya hivyo hivyo: uzito wake uko mbele, mbali na kiganja. Kwa sababu hiyo, ukitafuta kamera nyepesi, usitazame jumla ya gramu tu. Tazama pia uzito umekaa wapi.

Rafiki zangu wengi waliniambia, “Tumia simu, yaisha.” Nilijaribu miezi miwili. Simu ni nyepesi, ni kweli, lakini ni bapa na ni nyembamba, hivyo yakupasa kuibana kwa ncha za vidole. Na kubana ndiko hasa kunakouma mkono wa baridi yabisi. Tena ukiwa nyuma ya kanisa, na bibi arusi yuko mbele, ukivuta picha uso wake unakuwa kama umepakwa uji. Sisemi simu ni mbaya. Nasema mkono wangu uliikataa kuliko nilivyotazamia.

Jambo la pili nililojaribu lilinigharimu kidogo sana, nami nalisikitikia kwa kutolijaribu mapema. Niliiondoa ile lenzi nyeupe, nikaweka lenzi ndogo ya milimita 50, ile ya f/1.8, yenye gramu kama 160 tu. Mara mzigo ukashuka zaidi ya nusu! Ndugu Msomaji, kama unaumwa na bado una kamera yako ya zamani, anza hapo kabla ya kuuza kitu chochote. Hasara yake ni kwamba lenzi hiyo haivuti. Ukitaka uso uwe mkubwa yakupasa kwenda kwa miguu. Wakati wa Misa siwezi kutembea tembea mbele ya altare kama mbuzi aliyekata kamba.

Mwishowe nikapata kamera ya namna nyingine, Olympus OM-D E-M10 Mark II, nayo ilikuwa imetumika. Ilitoka Dar es Salaam, ikaja kwa basi ikiwa imefungwa katika kitenge. Hii ni katika kabila la kamera zisizo na kioo cha ndani. Kamera za kale zina kioo na kipande kizito cha bilauri kinachopeleka mwanga jichoni. Hizi mpya zimeviondoa, ukachungulia kioo kidogo cha umeme. Tena kile kibao kinachopokea mwanga, mahali ilipokuwa filamu zamani, ni kidogo, na kwa hiyo lenzi zake zaweza kuwa ndogo. Ya kwanza ya kabila hilo, Panasonic G1, ilitoka mwaka 2008. Ile yangu, pamoja na betri, ni gramu kama 390. Lenzi yake ya milimita 45 ni gramu 116, nayo huona kama lenzi ya 90 ionavyo kwenye kamera kubwa. Lenzi yake ya kuvuta, ya 40-150, ni gramu 190 tu. Huvuta mbali kuliko ile nyeupe yangu. Kamera na ile ya 45 kwa pamoja ni kama sehemu moja ya tano ya mzigo niliouangusha siku ile. Ukiulizia mpya dukani leo, jina la Olympus limeondoka kwenye kamera hizo. Sasa huitwa OM SYSTEM.

Nisikudanganye, ina kasoro zake. Usiku wa Pasaka, kanisa likiwa na mishumaa peke yake, kile kibao kidogo hupata mwanga haba, na picha hujaa chembechembe kama mchanga. Tena kiwiliwili chake kilikuwa chembamba mno kwa mkono wangu. Hapa nilijifunza kwamba kitu kidogo sana huumiza kama kitu kikubwa, maana vidole havipati pa kujaza. Nilikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikauzungushia upande wa kulia mpaka ukanenepa, na sasa naishika kwa kiganja kizima. Na siku ambazo kidole cha shahada hakitaki kabisa kubonyeza, nagusa kioo cha nyuma kwa kidole chochote, nayo yajipiga yenyewe.

Seremala mmoja wa hapa Ilomba alinichongea fimbo ya mkaratusi yenye urefu wa kufika kidevuni, akaweka juu yake nati na skrubu ya robo inchi, maana tundu la chini ya kamera karibu zote ni la kipimo hicho. Fimbo yabeba uzito, mimi naelekeza tu. Watoto wa Mafundisho huiita bakora ya Musa.

Baada ya kupona moyo kidogo nilianza kusoma habari za vyombo hivi, nikastaajabu. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, alipenda kupiga picha lakini alikuwa na pumu. Kubeba kamera kubwa za siku zile na vioo vyake kulimshinda. Akatengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema, akapata picha ya milimita 24 kwa 36. Kamera hiyo ilionyeshwa Leipzig mwaka 1925 kwa jina la Leica. Na sasa sikia: kipimo hicho cha 24 kwa 36, kilichozaliwa kwa ajili ya kumpunguzia mgonjwa mzigo, ndicho kile kile cha kibao cha Canon yangu iliyonishinda. Kidogo cha jana kimekuwa kikubwa cha leo, na mafundi wakakirundikia vioo mpaka kikawa mzigo tena.

Nikasoma pia habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi akakulia Dar es Salaam, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha huko Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akatiwa mkono wa bandia, akarudi kazini na kamera yake, akaendelea mpaka alipofariki katika ajali ya ndege kwenye visiwa vya Komoro mwaka 1996. Nilipoyasoma hayo nilivitazama vidole vyangu vyote kumi.

Lakini jambo lililonisumbua kuliko uzito, nikuambie kweli, lilikuwa macho ya watu. Hapa kwetu fundi hujulikana kwa ukubwa wa kamera. Arusi ya kwanza niliyokwenda na kile kidogo, mjomba wa bibi arusi alinijia.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Mwalimu. Kamera iko wapi?”

“Ni hii, Mjomba.”

Akaitazama, akaitazama fimbo, akasema, “Hii ni ya kwako. Ya arusi iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Nililala na aibu, na kesho yake nikakaribia kuirudisha ile lenzi nyeupe kamerani, hata kidonda kife na nyuki. Kilichonizuia ni mikono yenyewe: asubuhi ile haikuwa imevimba. Tangu nianze kupiga arusi, ilikuwa Jumapili ya kwanza niliyojifungia kifungo mwenyewe bila kumwita binti yangu.

Picha nilizipeleka baada ya juma moja. Mjomba hakusema neno, ila bibi wa bibi arusi alishika ile yake, akaiweka karibu na macho muda mrefu, akasema, “Ndaga.” Nikalipwa senti zangu zote.

Lenzi nyeupe bado iko kabatini, imefungwa katika kitenge kile kile kilicholeta ndogo. Kijana mmoja wa kwaya huja kuiazima, naye huipenda sana, huibeba kama mtoto mchanga. Mwezi uliopita aliniuliza kama naiuza. Nimemwambia asubiri mpaka Kipaimara cha mwaka huu kipite.