Mstari Mnyoofu na Bei ya Kesho

Mwanadamu hupenda kuijua kesho kabla haijafika. Mkulima huyatazama mawingu, nahodha huutazama upepo, na mfanyabiashara huzitazama bei. Katika masoko ya hisa ya zama hizi tamaa hiyo imepewa chombo chenye heshima kubwa. Chombo chenyewe ni mstari mnyoofu ambao kompyuta huuchora katikati ya bei za siku zilizopita, kisha huuvuta mbele mpaka siku ambayo jua lake halijachomoza. Wataalamu huuita mstari wa rigresheni. Wako watu ambao mstari ukipanda hununua, ukishuka huuza. Na fedha waitiayo sokoni pengine ni akiba ya miaka mingi. Kwa hiyo ni haki kuuliza mstari huo una uwezo gani, na uwezo wake unakoma wapi.

Nasaba ya mstari huu ni njema. Tarehe 1 Januari 1801, katika mji wa Palermo, Giuseppe Piazzi aliona mbinguni kitu kidogo ambacho baadaye kiliitwa Ceres. Alikifuata kwa majuma sita hivi, kisha kikatoweka katika mwanga wa jua. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyekuwa na umri wa miaka 24, alipiga hesabu ya njia yake kwa vipimo vichache vilivyokuwapo, na mwaka ulipokuwa ukimalizika kilionekana tena karibu na mahali alipopataja. Mwaka 1805 Mfaransa Adrien-Marie Legendre alichapisha kanuni ambayo Gauss naye aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1809. Kanuni yasema hivi: vipimo visipokubaliana, uchaguliwe mstari ambao umbali wa kila kipimo kutoka kwake, ukizidishwa kwa wenyewe na kujumlishwa na wa vingine, hutoa jumla ndogo kuliko ya mstari wowote mwingine.

Jina la rigresheni lilikuja baadaye. Mwaka 1886 Francis Galton wa Uingereza alilinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao, akaona kuwa watoto wa wazazi warefu mno kwa kawaida huwa warefu, lakini hurejea karibu na wastani. Rigresheni maana yake ni kurejea nyuma. Ni ajabu kwamba neno la kurejea nyuma leo hutumiwa na watu watafutao habari za mbele.

Na ichukuliwe kwa mfano hisa moja ambayo bei yake kwa siku tano ilikuwa shilingi 100, 103, 104, 108 na 110. Wastani wake ni shilingi 105, na mstari wa kanuni hiyo hupanda shilingi 2.50 kila siku. Bei zote tano zi karibu nao sana. Iliyo mbali kabisa imeachana nao kwa shilingi moja tu. Mstari ukivutwa mbele, bei ya siku ya sita ni shilingi 112.50. Atazamaye picha hiyo huona kama njia iliyokwisha kutengenezwa. Walakini siku ya sita bei ikashuka mpaka 100. Kompyuta haioni haya. Huiacha siku ya kwanza, huiingiza ya sita, na kuchora upya kwa bei tano za mwisho: 103, 104, 108, 110 na 100. Wastani ni 105 kama jana, lakini mwinamo sasa ni sifuri. Mstari uliokuwa ukipanda umelala chali. Ushahidi wa siku tano umefutwa na siku moja, na aliyenunua kwa 110 hana wa kumdai.

Wengine hujibu kuwa siku tano ni chache; zitwaliwe 20 au 50. Ni kweli kuwa mstari wa siku nyingi hauyumbi upesi; lakini kwa sababu iyo hiyo huchelewa kujua kuwa hali imegeuka. Wa siku chache ni mwepesi wa kudanganyika, wa siku nyingi ni mzito wa kuonyeka.

Basi kwa nini hesabu ifae kwa Ceres, isifae vivyo hivyo kwa hisa? Tofauti haimo katika hesabu. Imo katika kitu kinachohesabiwa. Ceres hutii sheria ya mvuto, na haina masikio. Gauss alipotangaza njia yake, haikuharakisha wala haikukawia kwa sababu ya kutangazwa. Bei ni kitu kingine. Bei ni mapatano ya muda baina ya watu wanaotumaini na watu wanaoogopa, na watu hao husikia. Wakiamini wote kuwa kesho hisa itakuwa 112.50, hawangoji kesho. Hununua leo, bei hupanda leo, na faida iliyoahidiwa huliwa kabla ya siku yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Utabiri wa nyota hauigusi nyota, ilhali utabiri wa bei ukishaaminiwa huwa sehemu ya bei.

Upo na mtego wa pili. Bei ya leo huzaliwa na bei ya jana, kwa hiyo zafanana kama ndugu, na vitu viendavyo pamoja na wakati huonekana kuwa na uhusiano hata kama havina. Mwaka 1926 George Udny Yule alilionyesha jambo hilo wazi. Katika Uingereza, tangu mwaka 1866 mpaka 1911, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Uingereza ilipungua pamoja na vifo, na hesabu ikatoa uhusiano wa karibu sana. Hapana mwenye akili atakayesema kuwa harusi za kanisani huua watu. Kwa hiyo uzuri wa picha si hoja ya kutosha.

Historia nayo imeshuhudia. Tarehe 3 Septemba 1929 kipimo cha Dow Jones cha New York kilifika 381.17 baada ya miaka kadhaa ya kupanda. Mstari uliochorwa kwa bei za miaka hiyo ulielekea juu. Tarehe 8 Julai 1932 kilikuwa 41.22, na hakikurudi mahali pake pa zamani mpaka Novemba 1954. Mmarekani Alfred Cowles alichunguza mapendekezo ya mashirika 16 yaliyouza ushauri wa hisa katika miaka ile. Mwaka 1933 alichapisha kuwa, kwa wastani, yaliwapa wafuasi matokeo mabaya kuliko ya soko lenyewe.

Je, mstari utupwe? La. Msumeno haulaumiwi kwa kutofaa kushona nguo. Mstari hueleza kwa ufupi mwendo wa siku zilizopita, na humzuia mwenye pupa asiite mruko wa siku mbili safari. Tena huonyesha bei huachana nao kwa kiasi gani. Na mwenye busara hutazama kiasi hicho kwanza, ajue aweza kupoteza nini, kabla hajautazama mwinamo. Atakaye kuifanya kanuni ya kununua na kuuza na aijaribu kwa bei ambazo hazikutumiwa kuitunga, na ada ya dalali aitoe kila mara.

Kiswahili kimeyatenga maneno ambayo soko limeyachanganya. Kukisia asili yake ni kupima. Kubashiri asili yake ni kuleta habari njema. Kutabiri tangu kale ni kueleza maana ya ndoto. Mstari wa rigresheni hukisia, wala hauna kazi nyingine. Auzaye makisio kwa jina la bishara humtia mwenziwe hasarani, hata kama kila tarakimu yake ni sahihi. Msomi ajuaye hesabu hiyo ana wajibu wa kulitaja kosa la makisio kila anapoyataja makisio yenyewe, kwa maana atakayemsikiliza pengine ameshika mkononi ada ya shule ya mwanawe.