Kabla ya Kushusha Giaboksi

Nikikumbuka gereji za Mbinga zilivyokuwa na kuzilinganisha na za leo, tofauti kubwa siioni kwenye spana wala kwenye magari yenyewe. Naiona kwenye mpangilio wa kazi. Zamani gari lenye klachi mbovu likiingia, fundi alianza kwa maswali: limetoka wapi, lilibeba nini, nani alikuwa usukani, lilianza kusumbua mlimani au kwenye tambarare. Giaboksi ilishushwa mwisho, baada ya dalili zote za nje kuonyesha kwamba hakuna njia nyingine. Siku hizi giaboksi hushushwa kwanza. Pleti mpya, presha pleti mpya na rilisi beringi mpya hufungwa kwa mkupuo mmoja, na maswali hubaki yakisubiri siku gari litakaporudi likinuka kuungua. Kwa maoni yangu tumepoteza kitu hapo, na kitu hicho si cha zama za matope peke yake. Kina kazi ileile leo penye lami.

Ili mtu aelewe kwa nini klachi ilipewa uzito kiasi hicho huku kwetu, aitazame nchi yenyewe. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, kwa hiyo barabara hiyo fupi inateremka zaidi ya mita 800 kuvuka milima, na gari lililoteremka halina budi kupanda tena. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya udongo mwekundu, ambao masika yakikolea kuanzia Desemba hadi Aprili hushika matairi kwa ubaya wote wawili: hapa unateleza, pale unang'ang'ania. Chini kwenye ukanda wa ziwa, kuelekea Liuli na Lituhi, matope yaliiachia nafasi michanga. Sasa klachi ina tabia moja ambayo kila kitu kingine kinaitegemea: ikishika sawasawa hailiki, na ikiachia kabisa hailiki. Inalika katika ule muda wa katikati tu, wakati flaiwili inazunguka kwa kasi moja na pleti kwa kasi nyingine, na nguvu ya injini inageuka joto badala ya mwendo. Barabara nzuri ya tambarare hufanya muda huo uwe mfupi sana. Mlima wenye kona, lori limejaa magunia ya mpunga na dagaa kutoka ziwani, gari la mbele limekwama, dereva anabalansi kwa klachi badala ya breki ya mkono: hapo muda wa katikati unarefuka, na lainingi ambayo ingedumu miaka inaweza kuisha kwa msimu mmoja wa mvua.

Uhaba wa spea ulifanya mengine yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera, nchi iliishiwa fedha za kigeni, na spea za magari zilikuja kwa mgao kupitia mashirika ya umma. Misheni na ofisi za serikali zilikuwa na Land Rover na malori ya Bedford yaliyohitajika kuendelea kutembea hata pasipokuwa na pleti mpya Songea wala Dar es Salaam. Katika hali hiyo kushusha giaboksi bila sababu kulikuwa hasara tupu, maana ukishaifungua na kukuta lainingi bado nene, huna kipya cha kufunga, na umeshapoteza siku nzima ukiwa umelala chali chini ya gari. Ndiyo maana utambuzi ulitangulia. Land Rover za Series II, zilizoanza kutengenezwa 1958, zilikuwa zinasukuma klachi kwa mafuta, yaani kuna masta ya juu kwenye pedeli na masta ya chini kwenye giaboksi. Series III za kuanzia 1971 zikaja na springi moja ya sahani badala ya springi nyingi za duara, na mafundi walilazimika kujifunza upya. Katika zile za springi nyingi, vidole vitatu vinavyosukumwa na beringi vilipaswa kurekebishwa viwe usawa mmoja, la sivyo gari lilitetemeka kila lilipoondoka. Za springi ya sahani hazina marekebisho hayo, ila springi ikishalegea kwa joto, hakuna fundi anayeweza kuirudisha.

Utambuzi wenyewe ulikuwa na mantiki safi, na hauhitaji kifaa chochote cha bei. Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha magonjwa mawili ambayo dereva huyataja kwa jina moja la klachi mbovu. Klachi inayoteleza haishiki: injini inapaza sauti, gari haliongezi mwendo, na dalili hujitokeza kwanza kwenye gia kubwa mlimani, kwa sababu hapo ndipo mzigo juu ya pleti unapokuwa mkubwa. Klachi isiyokata ni kinyume chake: umekanyaga hadi chini lakini pleti bado inazungushwa, gia ya kwanza inagoma na rivasi inakwaruza. Kwa ile inayoteleza, gari liliwekwa kwenye gia ya tatu au ya nne, breki zikashikwa barabara, klachi ikaachiwa polepole. Injini ikizimika mara moja, pleti inashika; ikiendelea kunguruma, haishiki. Jaribio hilo halirudiwirudiwi, maana lenyewe linachoma lainingi. Kwa ile isiyokata, dereva aliambiwa akanyage pedeli mara tatu nne kwa haraka. Gia ikiingia baada ya hapo, kosa liko kwenye mafuta: hewa imeingia au raba za masta zimechoka, na giaboksi haina haja ya kuguswa. Kisha yakafuata masikio. Gari likiwa sailensa, mlio unaotokea pedeli ikikanyagwa ni wa rilisi beringi. Unaotokea pedeli ikiachiwa na kunyamaza ikikanyagwa, huo unatoka kwenye beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Wengi wamebadilishiwa klachi nzima wakati ugonjwa ulikuwa wa beringi hiyo.

Na palikuwa na tundu dogo chini ya nyumba ya flaiwili ya Land Rover. Tundu hilo huzibwa kwa skrubu gari linapovuka maji ya kina, na huachwa wazi siku nyingine zote, ili chochote kinachovuja ndani kidondoke nje kionekane. Fundi aliyejua kazi yake alipitisha kidole pale kabla ya kushika spana. Oili nyeusi na nyepesi ilimwambia sili ya nyuma ya kranki imechoka; oili nzito yenye harufu kali ilimwambia inatoka giaboksi. Kwa hiyo hata kabla ya kufungua alijua kwamba pleti inateleza kwa sababu ya oili, na kwamba kuweka pleti nyingine bila kubadilisha sili ni kuilowesha nyingine. Dereva aliyevuka mto na kusahau kuitoa skrubu hiyo alikuwa anajifungia ugonjwa ndani.

Sitaki nieleweke kana kwamba kila kitu cha enzi hizo kilikuwa sawa. Tiba nyingi zilikuwa mbaya, na baadhi zilikuwa za hatari kwa watu. Lainingi zilizokwisha zilipigwa ribiti upya kwa kipande kilichopatikana popote, mara nyingine cha unene usiolingana, na matokeo yake yalikuwa mtetemo uliovunja vitu vingine. Masta iliyoishiwa mafuta ya breki ilijazwa oili ya injini, na raba za asili zikavimba na kuoza, hata tatizo la hewa kidogo likawa tatizo la masta mbili. Baya kuliko yote ni vumbi. Lainingi za wakati ule zilikuwa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni na kuleta maradhi, pamoja na saratani, miaka mingi baadaye. Vijana walipuliza vumbi hilo kwa mdomo au kwa upepo wa pampu, usoni mwao wenyewe, bila kitambaa. Ninapotetea mafundi wa zamani, natetea namna walivyouliza na walivyosikiliza; namna walivyotibu iache ibaki huko nyuma.

Mabadiliko yalianza taratibu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na maduka ya spea yakaanza kupumua. Miaka ya 1990 Land Cruiser mkonga zenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 zikashika nafasi ya Land Rover katika hospitali, halmashauri na miradi. Injini hiyo ina nguvu ya chinichini inayomruhusu dereva kuondoka mlimani bila kuchezea klachi sana, na hilo peke yake liliokoa pleti nyingi. Kisha ikaja lami: kutoka njia panda ya Peramiho hadi Mbinga, kwa msaada wa Marekani, katika miaka ya kuzunguka 2012, na baadaye ule mteremko wenyewe wa kwenda Mbamba Bay. Seti kamili ya klachi ikawa kitu cha kuagizwa asubuhi kwa simu na kupokewa kwenye basi jioni. Hapo ndipo mpangilio ulipogeuka, na si kwa uvivu wa mafundi. Uligeuka kwa sababu gharama ya kukosea ilishuka.

Anayeutetea mpangilio mpya atasema hivi: ikiwa seti inapatikana na kazi ni ya siku moja, kuna haja gani ya kupoteza saa nzima kuuliza maswali? Badilisha vyote, gari liondoke, mwenye gari arudi kazini. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Giaboksi ikishashuka, kubadilisha pleti na kuacha beringi kuukuu ni ubahili usio na faida. Lakini hoja inachukulia kwamba klachi ndiyo iliyougua, wakati mara nyingi klachi ni jeruhi wa kitu kingine. Flaiwili iliyopata nyufa na madoa ya buluu kwa joto itaitafuna pleti mpya kama ilivyoitafuna ya zamani. Pedeli isiyo na nafasi ya bure itaibana beringi mchana kutwa. Dereva anayeweka mguu juu ya pedeli safari nzima hatabadilika kwa kununuliwa seti. Tena spea za siku hizi hazilingani ubora. Sokoni kuna feki zinazofungwa kwenye boksi la jina kubwa, na fundi asiyejua kwa nini ile ya kwanza iliisha hawezi kujua kama ya pili imeisha kwa ufeki wake au kwa sili inayovuja. Lawama huenda kwa duka, mwenye gari analipa mara mbili, na oili inaendelea kudondoka.

Hoja nyingine ni kwamba lami imeyamaliza mambo haya. Imeyapunguza kweli, na hakuna aliyewahi kusukuma gari kwenye ule mlima anayeweza kuililia barabara ya matope. Hata hivyo lami haikusawazisha milima. Lori lililojaa linapanda mita zilezile 800, na dereva anayesimama kwenye kona na kuondoka kwa gia ya pili anachoma lainingi ileile. Nje ya njia kuu, barabara za kwenda vijiji vya kahawa juu kwenye milima ya Umatengo bado ni za udongo, na magari yanayotoa kahawa huko yana gia nzito za fo wili ambazo madereva wengi hawazigusi kwa kuamini ni za kukwamukia tu. Gia hizo huzidisha nguvu zaidi ya mara mbili, kwa hiyo gari huondoka mlimani pleti ikiteleza kwa kitambo kidogo tu. Hilo ni jambo la kufundishwa kwa madereva, na fundi ndiye wa kwanza kuona kwamba halikufundishwa.

Isitoshe, chombo kinachopanda milima hiyo zaidi leo ni bodaboda. Klachi yake ni ya pleti kadhaa nyembamba zinazoogelea kwenye oili ileile ya injini, na ugonjwa wake mkubwa ni kuteleza mlimani ikiwa na abiria wawili au gunia. Kijana akienda gereji anabadilishiwa pleti. Mara nyingi kilichoharibu ni kebo iliyokazwa mno isiyoacha nafasi ya bure, au oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, ambavyo injini ya gari inavipenda na klachi ya pikipiki haivihimili. Maswali ni yaleyale ya Land Rover: imeanza lini, ulibeba nini, uliongeza nini kwenye oili.

Imebaki hoja ya otomatiki, nayo ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa Noah na magari mengi madogo yanayopanda kutoka ziwani sasa hayana pedeli ya klachi kabisa. Atakayesema ufundi wa klachi unakufa pamoja na pedeli asahihishwe kwa jambo moja: ndani ya otomatiki mna pleti za msuguano nyingi kuliko za bodaboda, nazo pia zinaogelea kwenye oili, na kupanda mlima na mzigo kunaipasha oili hiyo hadi inaharibika. Pedeli haipo ya kumwambia dereva chochote kwa mguu, kwa hiyo kazi ya kusoma dalili imehamia kwenye kijiti cha oili, pale kilipowekwa. Oili ikiwa bado nyekundu na safi huku gia zikigoma, sababu itafutwe kwanza kwenye nyaya na vihisi. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti zimeshaanza kuisha. Kukitoa kijiti hicho, kukipangusa kwa karatasi nyeupe na kukinusa ni kazi ya dakika mbili, giaboksi ikiwa bado iko mahali pake.