Bosi, nisamehe, nilikuwa naangalia mpunga wa mama

Msomaji, mimi ni rubani, lakini usidhani nimezaliwa matawi ya juu. Nimezaliwa Madibira, kule Mbarali, kwenye majaruba ya mpunga yanayopata maji ya mto Ndembera. Na fundisho langu la kwanza la urubani nililipata huko huko, bila ndege.

Ilikuwa siku mjomba alipoingiza pawatila shambani kwa mara ya kwanza. Miaka yote alikuwa analima na ng'ombe. Bwana wee, kufika mwisho wa jaruba, badala ya kushika klachi akaanza kuifokea: "Oo! Oo! Simama!" Pawatila haina masikio. Ikamburuza mpaka mferejini, yeye na kofia yake. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote, ndiyo maana haya yanayofuata nayasimulia kwa aibu.

Miaka tisa nimerusha Caravan. Ni ndege ya injini moja, pangaboi mbele, haina makuu. Ukipunguza moto, lile panga lenyewe linakuwa breki, ndege inatulia. Halafu tajiri mmoja wa Dar akaniita: amenunua jeti ndogo, Cirrus Vision Jet, anataka mtu wa kumwendesha. Hiyo ni ndege ya Kimarekani iliyopata kibali mwaka 2016. Injini yake moja imepachikwa mgongoni, mkia una umbo la V, na puani umefichwa mwavuli wa kuishusha ndege nzima mambo yakiharibika. Nikapelekwa Tennessee kusomea. Nikarudi na cheti, miwani mpya, na kichwa kimevimba.

Washkaji wananiuliza, kutua na jeti si noma? Kumbe kutua kwenyewe si kazi kubwa. Ile inafika kwenye lami kwa mwendo usiopishana sana na wa Caravan. Kazi iko mbali huko nyuma, kabla hata hujauona uwanja. Jeti haina panga la kuizuia. Unavuta moto mpaka mwisho, yenyewe inateleza tu kama sabuni. Ukiinamisha pua ili ushuke, inazidi kwenda mbio. Kwa hiyo ama unashuka, ama unapunguza mwendo. Vyote viwili kwa mpigo inakataa.

Sasa fuatana nami kwenye hesabu, si ngumu. Kwa kila futi 1,000 unazotaka kushuka, tenga kilomita tano na nusu. Na Caravan nilikuwa napita Madibira nikiwa futi 10,000. Kutoka pale mpaka uwanja wa Songwe, Mbeya, ni kama kilomita 180, na uwanja wenyewe uko futi 4,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa na karibu nusu saa ya kutazama kwetu, kunywa maji, na kuwaza mambo yangu. Na jeti napita pale pale nikiwa futi 28,000, nakata zaidi ya kilomita tisa kila dakika. Nikishapita Madibira nina dakika kama tano tu, halafu lazima niwe nimeanza kushuka.

Siku yenyewe ilikuwa Mei, anga safi, mpunga umeanza kuiva. Bosi kakaa pembeni yangu, watoto wake wawili nyuma. Nikaona yale majaruba yamepangika kama vigae. Mdomo ukaniponza. "Bosi, pale ni kwetu. Mama ana hekta moja pale." Akauliza gunia ngapi, nikajibu. Akauliza mchele bei gani, nikajibu. Nilipokuja kushtuka, zimebaki kilomita 90 na bado niko kule kule juu.

Nikavuta moto. Nikainamisha pua. Sindano ya mwendo ikaanza kuukaribia mstari mwekundu, nikalazimika kuinua pua tena. Kijasho chembamba. Songwe ikatokea mbele, lami yake zaidi ya kilomita tatu, na mimi nimening'inia juu yake kama mwewe.

"Si uwanja ule? Tua basi," bosi akasema.

Nitasema kweli: nilitaka kutua. Lami ndefu inashawishi. Mkuu, watoto wake, kazi yangu mpya, sifa zangu, vyote vilikuwa vinanisukuma chini. Lakini kanuni niliyofundishwa inasema ukifika futi 1,000 juu ya ardhi, mwendo, magurudumu na mstari wa kushukia viwe vimetulia, la sivyo unaondoka. Mimi sikuwa na hata kimoja kilichotulia. Na pale ukilazimisha unamaliza lami ukiwa bado unakimbia. Mwavuli haukusaidii hapo.

Nikasukuma moto, nikapanda, nikazunguka upya. Dakika kumi hakuna aliyesema neno, isipokuwa mtoto mmoja aliyeuliza kama tunarudi Dar.

Tulipotua nikamwambia bosi ukweli, kwamba ndege haikuwa na kosa, nilichelewa mimi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga barua ya kurudi kwenye Caravan. Akaniangalia, akasema, "Siku nyingine tukifika kwenu, funga pazia."

Wenzangu mnaotoka kwenye pangaboi, cheti hakitoshi. Saa zenu za kwanza rukeni na mtu aliyeizoea jeti, akae pembeni awapige kelele. Huko Marekani kampuni za bima mara nyingi zinataka hivyo hivyo. Na mkivaa barakoa ya oksijeni kwa mazoezi, vaeni kweli. Kwa futi 28,000 hewa ya ndani ikitoka una dakika mbili tatu za akili timamu. Mimi siku hizi nikiikaribia Iringa tu, hali ya hewa ya Songwe nimeshaisikiliza, namba zote zimeshaingia, mdomo nimefunga. Hapo Madibira inanikuta mikono mitupu, na mpunga nautazama.

Nilimpigia mama kumwambia napita juu yake siku hizi. Akanijibu, "Mwanangu, ile ya zamani ilikuwa inanguruma, nilikuwa nasimama nakupungia. Hii mpya sijui inapita saa ngapi."