Mtungi wa Tano

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa mfichaji hodari. Darasani nilikaa nyuma, na siku ya michezo ilipofika nilishikwa na mafua.

Nyumbani kwetu ni Kahawa Wendani, ghorofa ya nne, katika mojawapo ya yale majumba yaliyosongamana kama meno. Maji ya mfereji yakipotea, na hupotea kwelikweli, tunateremka na mitungi hadi kwenye tangi lililo uani. Hiyo ilikuwa kazi ya mama. Likizo ya Agosti alishtua mgongo ngazini, akaketi papo hapo huku maji yakimwagika ngazi kwa ngazi. Nikasema nitabeba mimi. Lo! Nilifika ghorofa ya pili tu. Mikono ilinitetemeka mithili ya majani ya mgomba, na katoto ka jirani, ka miaka 10, kakanipokea mtungi kakisema, "Leta, anti." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Karibu na steji kuna jimu, nyuma ya duka la mbao. Mara tatu nilienda, mara tatu nikaishia kununua mahindi ya kuchoma pale mlangoni. Nilisikia vyuma vikigongana na vijana wakiguna kama fahali. Nikawaza, wakiona hii mikono yangu ya njiti za kiberiti, si watacheka hadi Ruiru wasikie? Mara ya nne yule mama wa mahindi aliniambia, "Wewe msichana, leo sikuuzii. Hizo pesa peleka ndani."

Nikaingia, kijasho chembamba kikinitiririka. Hakuna aliyenitazama. Kila mmoja alikuwa akijitazama kwenye kioo! (Wavulana, msidhani hatuwaoni.)

Kochi ni mzee wa makamo aliyewahi kuwa mwanajeshi. "Unataka nini, binti yangu?" Nikamweleza habari za mitungi na mgongo wa mama. Hakucheka. Alinionyesha fito la chuma lisilo na uzito wowote pembeni.

"Hii peke yake ni kilo 20. Mtungi wa lita 20 una kilo ngapi?"

Fizikia ikanifaa. Lita moja ya maji ni kilo moja. "Ishirini."

"Basi mnajuana tayari."

Alinifundisha kusimama miguu ikiwa imeachana kidogo, kushuka kwa magoti na nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, kisha kuisukuma ardhi kwa miguu. Mama alikuwa akiinama na kuvuta kwa kiuno miaka yote! Kochi alinisimulia pia habari za Hidilyn Diaz wa Ufilipino, aliyebeba maji utotoni. Korona ilipomkwamisha Malaysia mwaka 2020, alifanya mazoezi kwa fito la mwanzi lililoning'inizwa chupa za maji. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alinyanyua jumla ya kilo 224 na kuipa nchi yake dhahabu yake ya kwanza kabisa.

Habari hizo zilinipa kichwa kikubwa. Nikanyanyua kwa pupa, chuma kikaniponyoka, kikaanguka sakafuni ngaaa! Sasa jimu nzima iligeuka. Ile siku niliyoiogopa ilikuwa imefika. Jamaa mmoja, kifua kama kabati, akasema, "Pole, siz. Yangu ilianguka jana." Akarudi kwenye kioo chake.

Tangu hapo nilienda mara mbili kwa wiki, likizo hadi likizo. Wiki ya kwanza sikuweza hata kujichana nywele. Mama alinung'unika kuwa nitakuwa na mabega ya utingo, lakini nilipomfundisha namna ya kuinama alinisikiliza, na hilo si jambo dogo nyumbani kwetu.

Juzi maji yalipotea tena. Nilipandisha mitungi minne mmoja mmoja, mama akiwa ameketi mlangoni, mkono kiunoni, akihesabu. Wa tano ulipofika nilitaka kuutua jikoni.

"Huo usiweke hapo," akasema. "Peleka kwa jirani. Katoto kake kamechoka."